Nilivyomuua Fundi kwa Neno Moja

Kama Jumapili iliyopita gazeti lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nikueleze upesi tulipofika, maana mambo ya safari hii ni mazito na mimi si mtu wa kuandika haraka.

Mimi ni bibi wa miaka sitini na tisa. Nilifua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na moja, ndiyo maana wenzangu wananiita Bibi Shuka. Siku tatu kwa juma tunafanya mazoezi, kina mama wastaafu ishirini na wawili, kwenye ukumbi wa zamani wa chama cha wafanyakazi. Anayetufundisha ni Sajini. Alistaafu upolisi, lakini sauti yake ilikataa kustaafu.

Rafiki yangu wa kufa na kuzikana ni Fundi. Huyu alishona sare za shule mpaka watoto aliowapima viuno wakaja kumletea wajukuu wapimwe. Ni mjane. Anaishi peke yake, nyumba ya vyumba viwili na cherehani.

Mwanawe ni mmoja tu, mpima ardhi, anakaa mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa gari. Mwezi uliopita alimwambia mama yake: "Ukianguka hata mara moja, nakuja kukuchukua uishi kwangu."

Fundi hataki kuchukuliwa. Anasema kule kwa mwanawe ni ghorofa ya tano, na majirani husalimiana kwa kukohoa.

Sasa Jumapili iliyopita niliwasimulia tulivyoruka kamba uani kwake, vikongwe wawili, mimi nazungusha, yeye ananihimiza, "Ongeza! Ongeza!" Nikaongeza. Akaanguka. Goti likavimba mpaka likawa na uso wake lenyewe. Tukaapizana pale pale: mwanawe asijue, na kundi lisijue.

Hapo ndipo tulipoachana. Twende.

Jumatano ilikuwa siku ya mazoezi. Sajini ana sheria: asiyekuja, taarifa itumwe kabla ya saa moja asubuhi. Mwenye kutuma taarifa ni mimi, kwa sababu daftari la mahudhurio liko kwangu.

Fundi alikuwa ameniomba jana yake, "Andika lolote, mwenzangu. Ila usiandike goti."

Nikakaa kitandani na simu. Nikisema anaumwa, watakuja kumjulia hali na goti wataliona. Nikisema amesafiri, Posta atauliza amepanda basi gani. Huyu Posta alikaa dirishani posta miaka thelathini, na mpaka leo anataka kujua nani ameenda wapi na amepeleka nini.

Ndipo likanijia neno. Kila tukimaliza mazoezi, Sajini hupiga kelele, "Pumzika!" Mikono yote inashuka. Hakuna neno tamu kama hilo wiki nzima. Nikaandika:

"Wapendwa, mwenzetu Fundi amepumzika. Msihangaike kuja nyumbani."

Nikaona nimeandika vizuri, kwa adabu, na wala sijasema uongo.

Simu yangu ina makundi mawili. Moja linaitwa Wastaafu Mazoezi. La pili linaitwa Wastaafu Wote. Hilo la pili lina watu mia na themanini, na huko hakuna salamu wala mzaha. Likilia, ujue kuna mtu amefariki.

Miwani yangu ilikuwa imekaliwa na mjukuu. Nikabonyeza. Nikaiweka simu kwenye mkoba, nikaenda kuoga.

Saa mbili nafika ukumbini, mlango una kufuli. Mlinzi akaniona, akavua kofia.

"Pole sana, bibi."

"Pole ya nini?"

"Ya mwenzenu. Wote wameelekea huko. Yule wa sauti kubwa amesema leo mazoezi hakuna, kuna msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa yule fundi wa nguo. Wanasema ni alfajiri."

Hapa mnicheke, nimewaruhusu. Aliyetuma habari ni mimi, na aliyeiamini kuliko wote ni mimi. Haikunipitia kichwani hata kidogo kwamba msiba ule umetoka kwenye mkoba wangu. Nilichowaza ni goti. Nikawaza damu imeganda pale gotini, ikapanda, ikafika moyoni. Nikajiambia, Shuka, umemuua mtu kwa kamba ya kuruka.

Mlinzi akanivutia kiti. Akaniletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe, akakisuuza kwanza. Sikukaa, lakini wema ule niliuona na ninauandika hapa.

Nikakimbia. Sajini amenibembeleza mwaka mzima nikimbie, nami namjibu, magoti. Asubuhi ile magoti hayakuulizwa.

Nafika kwa Fundi, ua umejaa. Watu kama arobaini, nguo nyeusi, viti vya plastiki, turubai limekwisha fungwa upande mmoja. Mtu alikuwa amefagia ua wote. Mwingine alikuwa amezianua nguo za Fundi kwenye kamba na kuzikunja moja moja, hata soksi. Posta alikuwa amekuja na sufuria yake kubwa, ile asiyomwazima mtu. Hakuna aliyeingia ndani. Walikuwa wanamngoja ndugu wa marehemu.

Sikuweza kuwatazama. Nikazunguka nyuma, kwenye mlango wa jikoni, ule unaoinuliwa kidogo ndipo unafunguka. Nilitaka nilie peke yangu kwanza.

Nikaingia.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu juu ya ndoo, kipande cha mkate mkononi, sikio kwenye pazia.

Nilifungua mdomo nipige ukunga. Akaniziba kwa mkono wenye makombo.

"Nyamaza! Posta anaongea."

"We... wewe hujafa?"

"Sijui. Nje wanasema nimekufa, humu ndani nina njaa. Wewe unaonaje?"

Nikakaa chini sakafuni. Nikamshika mguu, ule mzima. Ulikuwa wa moto. Nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana.

"Acha kunilowesha," akasema, lakini mkono wake ulikuwa kichwani kwangu. "Nimeamka nikakuta viti uani. Nikataka kutoka niulize aliyefariki ni nani, tusaidiane. Nikasikia wananisifu mimi. Nikasema, hebu ngoja kwanza."

"Umewaacha wanalia!"

"Wamelia kidogo tu. Sikiliza. Posta amesema nilikuwa na mkono wa dhahabu. Posta huyu huyu! Miaka sita ananinunia, ati nilimshonea gauni la kunyonga."

"Fundi, wewe ni mtu mbaya."

"Najua. Lakini marehemu hasemwi vibaya."

Tukacheka tumefumbata midomo. Halafu nikaona macho yake yamelowa, na si kwa kucheka.

"Shuka," akasema polepole. "Mimi nilidhani wamenizoea tu. Sikujua kwamba wananipenda."

Nikamfuta makombo kidevuni.

Ndipo akanipa simu yake. "Sasa nieleze hili."

Nikasoma. *Wapendwa, mwenzetu Fundi amepumzika. Msihangaike kuja nyumbani.* Chini yake jina langu. Chini ya jina langu, pole mia moja na kumi na mbili.

Nikaisoma tena.

"Nilimaanisha umepumzika!"

"Ndivyo ulivyoandika."

"Umepumzika wewe! Umekaa! Umenyoosha mguu!"

"Mwenzangu," akasema, "watu wazima hawapumziki. Watu wazima wakipumzika huwa wanafukiwa."

Nikataka kucheka tena, lakini yeye alikuwa ameacha. Akavuta skrini kwa kidole, akanionyesha. Simu kumi na nne za mwanawe; kumbe kuna mtu alikuwa amempigia kumpa pole. Simu yenyewe ilikuwa imezimwa sauti, inachajiwa. Na baada ya hizo kumi na nne, ujumbe wa neno moja.

*Nakuja.*

"Nimempigia mara tano," akasema Fundi. "Hapatikani. Yuko njiani."

Tukatazamana.

"Atakukuta mzima," nikasema.

"Ndiyo."

"Atafurahi."

"Atafurahi sana. Halafu ataliona goti."

Nje, Posta alikuwa anaanza upya na mkono wa dhahabu.

Fundi akachukua fimbo yake. "Niinue. Hawa tuwatoe kwanza, la mwanangu tutalijua."

Akatoka na kanga ya kulalia, mimi nyuma yake. Sitaweza kuandika kelele zile. Mtu mmoja alipanda juu ya kiti. Wawili wakakimbilia geti, wakakwama pamoja. Posta akakaa ghafla, kiti kikapasuka miguu, akabaki chini ameishika sufuria yake kifuani kama mtoto.

Sajini peke yake ndiye aliyesimama imara. Akavuta pumzi.

"Mguuuu... sawa!"

Ua mzima ukakakamaa. Hata wale wa getini.

"Fundi! Upo hai ama hupo hai?"

"Nipo, afande."

"Basi msiba umeahirishwa! Nani alileta taarifa?"

Watu arobaini wakageuka kunitazama. Nikasimama pale, mikono imebana mapaja, nikakiri. Nilieleza neno, nikaeleza makundi mawili, nikaeleza miwani. Nilipofika kwenye goti nilisita, lakini Fundi mwenyewe akainua kanga, wote wakaliona.

"Yesu wangu," akasema mtu.

"Mnaruka kamba," akasema Sajini kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Mnaruka kamba, bila mimi."

Nadhani hilo ndilo lililomuuma.

Posta alikuwa bado yuko chini. "Fundi," akasema, "yale niliyosema, uliyasikia?"

"Yote."

"Basi nayafuta."

"Hayafutiki. Nina mashahidi arobaini." Akampa mkono amwinue, na Posta akaupokea, na wote wawili nusura waanguke. Ndiyo salamu yao ya kwanza ya maana kwa miaka sita.

Fundi akawaeleza shida yenyewe. Mwanawe yuko njiani. Akijua ameanguka, atamchukua leo leo, na nyumba itafungwa. "Na mimi sitaki kwenda kufia ghorofani," akasema, "nikiwa nimekwisha kufa hapa mara moja."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akaanza kumfunga kanga vizuri. Mwingine akaingia ndani kutafuta kitana.

Sajini alikuwa anatembea huku na huku chini ya turubai, mikono mgongoni.

"Kijana asimwone amesimama," akasema. "Akisimama, atachechemea. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini?"

"Kwa hiyo mazoezi ya kukaa. Viti tunavyo."

"Na hizi nguo nyeusi?" akauliza Posta.

"Ndizo sare."

Basi tukapanga viti kwa duara. Fundi katikati, kichwa kimechanwa, sketi ndefu mpaka chini. Goti nilikuwa nimelifunga mwenyewe kwa kipande cha shuka, kwa ile funga ya hospitali, tukalificha chini ya sketi. Sajini mbele. Tukaanza. Juu! Chini! Kulia! Kushoto! Tulifanya mazoezi asubuhi ile kuliko mwaka mzima. Kila tulipodhani tumemaliza, gari lilisikika barabarani, na Sajini akaanza upya.

Kabla ya saa sita akafika.

Nilimwona mimi kwanza, kwa kuwa kiti changu kilielekea geti. Alikuwa amefunga vifungo vya shati kombo, na hakuvaa soksi. Akasimama nje ya geti. Akajifuta uso kwa mikono miwili, akachomeka shati, akajiweka sawa, ndipo akaingia. Aliogopa kuingia kwa mama yake ovyo ovyo, hata siku ile. Nilitaka kumkimbilia, lakini Sajini alikuwa ameamuru mikono juu.

Kijana akaliona turubai. Akawaona wanawake wenye nguo nyeusi. Mikono themanini na zaidi hewani. Na katikati, mama yake, naye ameinua ya kwake.

"Mama?"

"Usivunje mstari!" akasema Sajini.

Hakusikia. Akapita katikati yetu akiangusha viti, akapiga magoti, akalaza uso mapajani mwa mama yake. Mabega yakawa yanamtetemeka. Mwanamume wa miaka arobaini na nne. Sisi wote tulikuwa na mikono juu, maana hakuna aliyesema pumzika, na hakuna tena aliyekuwa na ujasiri wa kulitaja neno lile.

"Ni kosa la simu, mwanangu," Fundi akamwambia, anamsugua kisogo. "Ni Shuka na miwani yake. Mimi ni mzima. Si unaniona?"

"Simama nikuone vizuri."

"Niko kwenye mazoezi."

"Simama kidogo tu, mama."

"Mwalimu hajaruhusu."

"Sijaruhusu," akasema Sajini.

Sasa, kazi ya kijana huyu ni kutazama kitu na kujua kama kimepinda. Akarudi nyuma hatua moja. Akatazama viti. Akatazama turubai. Akashusha macho kwenye sketi, akaona mguu mmoja umevaa kiatu na wa pili haukuvaa. Akaipandisha sketi kidogo, kwa heshima, akaiona ile bendeji.

"Hiki ni nini?"

"Amejikwaa," akasema Posta.

"Ni mdudu," akasema mwingine.

"Ni zoezi maalumu," akasema Sajini.

Wote kwa wakati mmoja.

Kijana aliitazama ile funga, na nikajua ameitambua. Alipokuwa mdogo alivunjika mkono, na aliyemfunga kwa kipande cha shuka mpaka daktari akapatikana ni mimi. Akanigeukia.

"Mama mdogo. Wewe hujawahi kunidanganya. Mama alianguka?"

Nilimtazama Fundi. Macho yake yaliniomba. Nikamtazama kijana, na soksi asizovaa.

Nilijaribu, wasomaji wangu. Nilijaribu kusema mdudu.

"Alianguka," nikasema. "Na kamba nilikuwa nimeishika mimi."

Duara lote likashusha pumzi, na mikono ikashuka nayo bila amri.

Kijana hakugomba. Afadhali angegomba. Alisimama, akaingia ndani, akatoka na begi la mama yake, lile la juu ya kabati, akaliweka kizingitini na kuanza kutia nguo. Zile zile zilizokunjwa vizuri asubuhi.

Hapo ndipo kina mama walipoamka.

"Humchukui!"

"Ana watu hapa!"

"Tazama ua huu, nani aliufagia?"

"Ninaona," akasema kijana. "Naona mnampenda, na Mungu awabariki. Lakini jioni mkienda makwenu, nani anabaki naye?"

Posta hakukubali. "Miaka kumi amekaa peke yake, mbona hukusema? Nani alikutia maneno kwamba mama yako hawezi?"

Kijana akashangaa. Akaninyooshea mkono, wala si kwa ubaya. Alidhani wote wanajua.

"Si mama mdogo? Ndiye aliyenipigia simu kazini."

Sasa niandike lile ambalo nimelikwepa Jumapili zote hizi. Nimewasimulia habari ya Fundi na mwanawe kana kwamba moto uliwaka wenyewe. Niliuwasha mimi.

Miezi miwili nyuma nilikwenda kwake jioni moja kuazima sindano. Kabla sijabisha, nikamsikia ndani anaongea. Anaeleza habari za siku, anauliza, anangoja, anajibu. Nikachungulia dirishani nione mgeni ni nani. Alikuwa anaongea na cherehani.

Sikubisha. Nikarudi nyumbani, na kesho yake nikampigia mwanawe. Nilitaka tu awe anampigia simu mama yake mara kwa mara. Yeye akasikia kwamba mama yake hawezi tena kuishi peke yake.

"Ulimwambia nini?" akauliza Fundi. Ananiuliza mimi.

Kijana akanijibia, maskini, akidhani ananisaidia.

"Alisema unazungumza na cherehani, mama. Alikuwa na wasiwasi tu."

Mama mmoja nyuma akacheka kidogo, akajizuia. Nilitamani wangecheka wote.

Fundi alikuwa analainisha sketi pale gotini, kama anavyolainisha kitambaa kabla ya kukikata.

"Ile siku," akasema, "ambayo kesho yake uliniambia umesahau kuja kuazima sindano."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umekuja."

"Ndiyo, dada."

Kijana akaliacha begi, akaja katikati. Aliona amegusa kitu asichokijua, akataka kukiponya haraka, kama wanaume wanavyotaka.

"Basi sikilizeni," akasema. "Mimi sitaki kumng'oa mama kwa nguvu. Kuna njia moja. Mmoja wenu ahamie hapa. Alale humu, aamke humu. Mama akianguka, awepo mtu wa kumwinua. Nikipata hivyo, narudi peke yangu. Nikikosa, saa saba naondoka naye."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Wote walinitazama mimi, hata Sajini.

Kwangu nalala chumba kimoja na wajukuu wawili, na mmoja wao anapiga mateke. Binti yangu angeninunia wiki moja, kisha angeniletea godoro. Lakini hayo niliyafikiri baadaye. Pale sikufikiri.

"Nitahamia," nikasema. "Leo."

Kina mama wakapiga makofi. Posta alishaanza kusema sufuria ibaki. Kijana alinishika mikono yote miwili, akainama mbele yangu.

"Huyu simtaki," akasema Fundi.

Makofi yakafa moja moja.

"Mama..."

"Simtaki. Na si kwa ajili ya kamba, kamba niliitaka mwenyewe. Wala si kwa kuniua asubuhi, nimesikia mengi mazuri." Alikuwa anazungumza taratibu, ananitazama usoni. "Shuka, wewe ulinisikia nina upweke, na mlango ulikuwa pale. Ungeingia. Ungeniambia mimi. Ukaona bora umwambie mtu aliye mbali, mwendo wa saa nne."

"Nilikuonea haya, dada. Nilidhani utaaibika."

"Sasa nimeaibikia mbele ya watu arobaini. Nimefaidi?"

Akasimama. Kijana akamkimbilia, lakini Fundi akamzuia kwa kiganja. Alitembea mwenyewe bila fimbo, mguu mmoja mzima na mmoja wa kuazima, mpaka kizingitini. Akaliinua begi lililojaa nusu, nami sikuona kama kijana alikuwa amelifunga. Akaingia nalo chumbani. Ufunguo ukazunguka.

Nikaenda mlangoni nikabisha. Safari hii nilibisha.

"Dada. Fundi. Nifungulie."

Ufunguo haukuzunguka tena.

Nyuma yangu hakuna aliyesogeza hata kiti. Kijana alitazama saa yake, nikamwona anataka kutoiangalia. Ilikuwa saa sita na robo.

Kisha tukaisikia zipu ya begi, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Nikabandika sikio kwenye ubao. Nimesikiliza zipu maisha yangu yote, za mifuko ya kufulia, za magodoro, za wagonjwa walioruhusiwa kwenda nyumbani. Lakini zipu inayofungwa na zipu inayofunguliwa mlio wao ni mmoja.